Kanga hufa katikati kwanza

Jumapili.

Nguo kuukuu haiishi yote kwa mara moja. Kanga hulegea kwenye mji, yaani ile sehemu ya kati iliyozungukwa na pindo, pale inapokaliwa na kuvutwa kila inapofungwa kiunoni, huku pindo zake zikiwa bado ngumu. Shuka hutoboka usawa wa mabega na nyonga, kingo zake za pembeni zikabaki kama zilivyotoka dukani. Jinzi huisha magotini na katikati ya mapaja, lakini nyuma ya mguu, kuanzia goti kwenda chini, kitambaa bado kina miaka. Shati la kiume huchoka kwenye kola na makwapa. Mgongo wake haujaguswa.

Ndiyo maana naona kazi nyingi za kushona kwa mkono kwa matambara ya nyumbani hukwamia mwanzoni kabisa. Mtu anakuwa na picha ya kitu anachokitaka, kisha anatafuta nguo ya kukikata. Kwa kitambaa kipya hakuna ubaya. Kwa kuukuu, mwendo ni wa kinyume: tafuta kwanza sehemu iliyo hai, ipime, ndipo uamue itakuwa nini.

Kuipata si kazi. Inua nguo dirishani. Palipochakaa mwanga hupita zaidi. Kisha bana kitambaa kwa vidole gumba viwili vilivyokaribiana, uvute kwa urefu, halafu kwa upana. Nyuzi zikiachana na kubaki zimeachana, au ukisikia mlio mdogo wa kukatika, hapo pamekufa, na mshono utakaoupitisha hapo utang'oka na kipande cha kitambaa. Zungushia sehemu iliyo hai kwa kipande cha sabuni kilichobaki bafuni, kile chembamba kisichoshikika tena. Huchora vizuri kuliko chaki na hutoka kwa maji.

Jambo la pili la kujua ni kama ni pamba au la, kwa sababu lebo mara nyingi imeshakatwa. Chomoa nyuzi chache, ziweke juu ya kisahani, ziwashe mbali na nguo. Pamba huungua kwa harufu ya karatasi na kuacha jivu laini la kijivu. Polista hujikunja, huyeyuka, na kuacha kitone kigumu cheusi. Kwa mfuko wa sokoni tofauti hiyo haina uzito. Kwa kitu kitakachoshika sufuria ya moto ndiyo kila kitu.

Uzi: kata usiozidi nusu mita. Mrefu zaidi hujifunga mafundo, tena ile sehemu ya karibu na sindano hupita kwenye kitambaa mara nyingi mno hadi inakonda na kukatika. Uvute mara mbili juu ya nta au mshumaa, kisha upitishe kati ya vidole ili ziada itoke. Watu hupenda uzi wa nailoni kwa kuwa haukatiki, na hapo ndipo tatizo lilipo. Kwenye pamba iliyochoka, uzi wenye nguvu kuliko kitambaa hukikata kitambaa. Heri uzi ukatike, kwa kuwa mshono unarudiwa. Kitambaa kilichopasuka hakirudi. Sindano huhesabiwa kinyume, namba kubwa ni sindano nyembamba: 7 au 8 yatosha kwa kanga na shuka, 3 au 4 kwa jinzi. Subana, ile kofia ngumu ya kuvalisha kidole cha kati, si pambo. Bila hiyo, kazi ya jinzi huishia kwenye kidole kilichotoboka.

Kwenye mishono, miwili hubeba karibu kazi yote. Bandi ni sindano kuingia na kutoka kwa mstari, ya haraka, nzuri kwa kushikiza. Mshono wa kurudi nyuma ni pale sindano inapotokea milimita 3 mbele, ikarudi kuingia pale mshono uliotangulia ulipoishia, ikatokea tena milimita 3 mbele. Unakula uzi na muda, lakini uzi ukikatika mahali pamoja, mshono hauachii wote. Bandi ikikatika, hufumuka hadi mwisho.

Tuje kwenye mfuko wa sokoni. Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki Agosti 2017, Tanzania ikafuata Juni 2019, na tangu hapo tumezoea mifuko mbadala ile myepesi ambayo vishikio vyake hung'oka kilo tatu za viazi zikiingia. Kanga moja kuukuu, yenye urefu wa kama sentimita 150 na upana wa 110, hutoa mfuko mzuri zaidi hata kama katikati yake pameisha.

Kata kipande kimoja cha sentimita 42 kwa 84 mahali palipo hai. Kikikunjwa katikati, mkunjo ndio kitako, na kitako kisicho na mshono hakina pa kufumukia. Kuna jambo moja la kuangalia: kama kanga ina maua yanayosimama au unataka jina, yaani maneno yaliyoandikwa juu yake, lionekane, ujue kwamba upande wa pili wa mfuko utasomeka kichwa chini miguu juu. Hilo likikukera, kata vipande viwili vya 42 kwa 44 vyote vikitazama juu, uviunge kitakoni kwa mshono wa kurudi nyuma uliopigwa mara mbili, ukiacha sentimita 2 za kuliwa na mshono kwenye kila kipande.

Pembeni, kunja mfuko ukiwa upande wa nje unaonekana, kinyume na ulivyozoea. Shona kwa bandi nusu sentimita kutoka ukingoni. Punguza nyuzi zilizochomoza, geuza ndani nje, kandamiza, kisha shona tena kwa mshono wa kurudi nyuma sentimita 1 kutoka kwenye mkunjo. Ukingo wote umefungiwa ndani na hauwezi kuchomoka nyuzi kwenye kufua. Kosa la kawaida ni kuacha kupunguza nyuzi kabla ya kugeuza, zikaishia kuchungulia nje kama masharubu.

Bado mfuko ukiwa ndani nje, chukua kila pembe ya chini, ifungue na uilaze ili mshono wa pembeni ukae juu ya mstari wa kitako, utapata pembetatu. Pima mahali ambapo upana wake ni sentimita 8, chora, shona kukatiza. Mfuko sasa una kitako cha kukalia, na kimo chake kimepungua sentimita 4. Pembetatu yenyewe usiikate. Ilaze chini na uishikize kwa mishono michache; inaimarisha kitako.

Mdomoni kunja sentimita 1, kisha 3, ushone. Vishikio hukatwa kwenye pindo, sehemu ya kanga isiyochoka: viwili vya sentimita 10 kwa 60. Kunja kingo zote mbili zikutane katikati, kisha kunja tena, upate ukanda wa sentimita 2.5 wenye tabaka nne. Kama huna pasi, kwaruza mkunjo kwa mgongo wa kijiko, pamba hutii. Shona kingo zote mbili. Kila ncha ya kishikio iwe sentimita 10 kutoka ubavuni, ishuke ndani ya mfuko sentimita 5 kutoka mdomoni, ncha yake ikiwa imekunjwa. Shona mraba kuzunguka, kisha mkato wa X katikati. Mstari mmoja tu mdomoni huubebesha uzi mmoja mzigo wote. Mraba na X huugawa.

Mfuko ukishiba vitu vizito kila wiki, utie bitana ya shuka: kipande cha 42 kwa 84 nacho, kishonwe pembeni na kwenye pembe za kitako kivyake, kiingizwe kabla ya kukunja mdomo. Kanga pekee inatosha kwa mboga na mkate.

Vitambaa vya kushikia sufuria vinaonekana ndiyo kazi ndogo kuliko zote, na ndivyo vinavyokosewa zaidi. Tatizo huwa ni kitambaa. Jinzi nyingi za siku hizi zina mpira ndani ili zibane. Zivute kwa upana, zikirefuka na kurudi, hizo ziache. Tafuta jinzi ngumu ya pamba na taulo kuukuu la pamba. Sweta, jezi za mpira na blanketi za manyoya, hata ziwe nene vipi, zisikaribie moto, huyeyukia mkononi.

Kata jinzi mbili za sentimita 18 kwa 18, na taulo mbili za 16 kwa 16. Taulo ni dogo makusudi, lisiingie kwenye mshono, maana kupitisha sindano kwenye tabaka nne pembezoni ni mateso, na pembe hazitageuka. Shikiza taulo zote mbili kwa bandi katikati ya jinzi moja, upande wake wa ndani. Weka jinzi ya pili, nyuso za nje zikitazamana. Kabla ya kushona, chomeka kitanzi pembeni, ncha zake zikielekea nje: kile kipande cha mshono mnene wa mguu wa jinzi, uliopigwa nyuzi mbili, sentimita 12, hakihitaji kupindwa wala kushonwa tena. Zungushia mshono wa kurudi nyuma sentimita 1 kutoka ukingoni, ukiacha tundu la sentimita 7. Kata ncha za pembe bila kugusa uzi, geuza, sukuma pembe kwa kijiti butu, ziba tundu. Mwisho piga mistari ya kupenya tabaka zote, kila baada ya sentimita 4, ili taulo lisijikusanye upande mmoja likifuliwa. Sindano ikigoma, ivute kwa koleo. Usilazimishe kwa meno.

Halafu kikiwa kimelowa, usikitumie. Maji hupitisha joto haraka, na kitambaa kinene kilicholowa huunguza kuliko chembamba kikavu. Shona viwili, kimoja kikikauka kingine kiko kazini.

Shuka lenye tundu katikati wengi hulifanya la kudekia. Mimi naona ni haraka mno. Likunje kwa urefu, pata mstari wa kati, chomoa uzi mmoja kwenye mstari huo kuanzia juu hadi chini, ukate kwa kufuata njia iliyoachwa na uzi. Kupasua kwa mkono hufaa kwa shuka jipya. Kwenye kuukuu mpasuko hukimbilia palipochoka. Ondoa ukanda uliochakaa, sentimita 10 hadi 15 kila nusu. Sasa badilisha nafasi: kingo za pembeni zilizo nzima zije zikutane katikati, na palipokatwa paende nje, ambako mwili haufiki na kunachomekwa chini ya godoro.

Kama kingo hizo ni za kiwandani, hazifumuki na hazihitaji kukunjwa. Zikiwa na upindo, ufumue kwanza. Zilaze nyuso za nje zikitazamana, bana ncha zote mbili, kisha katikati, kisha robo, kwa sababu shuka kuukuu limevutika na nusu moja huwa ndefu kidogo. Usipobana mapema, utafika chini ukiwa na ziada upande mmoja. Shona kwa kuzungusha uzi juu ya kingo, kina cha milimita 2, nafasi ya milimita 2 au 3, bila kukaza. Ukifungua, mshono unalala bapa. Ukikaza, utapata tuta linalosikika mgongoni usiku kucha. Kingo za nje kunja nusu sentimita, kisha 1, piga bandi yenye kurudi nyuma mara moja kila baada ya mishono minne.

Shuka limepoteza kama sentimita 30, yaani futi moja. La kitanda cha 5 kwa 6 sasa ni la 4 kwa 6. Hapo sioni hasara.

Kiroba cha mchele au sukari nakitaja kwa ufupi kwa kuwa hakipendezi kushonwa. Kwanza kikunje ngumini: kikitoa vumbi jeupe na kukatika, jua limekimaliza, na hakuna mshono utakaokiponya. Kilicho kizima hufaa kwa kitako cha pili ndani ya mfuko wa sokoni, chini ya bitana, kuzuia nyanya zilizopasuka zisilowanishe kanga. Nyuzi zake hazishikani, huteleza, hivyo kunja ukingo mara mbili kwa sentimita 2 na upitishe sindano katikati ya mkunjo, kamwe si karibu na ukingo. Ukingo unaweza pia kuyeyushwa kwa kisu kilichopashwa moto, dirisha likiwa wazi.

Kwa haya yote hubaki mabaki, na mabaki yana foronya yake. Chukua lile shati la kiume, funga vifungo vyote, lilaze mezani, kata mraba wa sentimita 42 ukipitia mbele na nyuma kwa pamoja, vifungo vikiwa katikati. Fungua kifungo kimoja au viwili ili upate pa kugeuzia. Nyuso za nje zitazamane, shona pande zote nne kwa sentimita 1, geuza kupitia kwenye vifungo. Tayari una foronya ya 40 kwa 40 yenye mlango wake. Ikipenyeza kati ya kifungo na kifungo, shona kabisa nafasi za juu na chini, acha wazi zile tatu za katikati.

Ujazo usiingie moja kwa moja kwenye shati. Shona kifuko cha ndani kwa kipande cha shuka, saizi ileile. Vitambaa vikatwe vidogo, sentimita 2 au 3. Vikubwa hujifunga na kuwa mawe baada ya wiki chache. Fulana zilizokatwakatwa hukaa laini kuliko kanga, na ukiwa na sufi, changanya nusu kwa nusu, mto utapungua uzito. Jaza pembe kwanza, kisha katikati, na ufue foronya peke yake. Kifuko cha ndani kikilowa, matambara yake hukauka nje tu, na harufu ya uvundo hutokea siku ya tatu.