Pointi sita na nusu: nilivyopata FMLA, likizo ya kisheria ya kuuguza, kwa ajili ya binti yangu

Kwenye ghala ninalofanya kazi hapa Columbus, Ohio, kuna hesabu moja ambayo kila mtu anaijua kwa kichwa, hata yule anayeanza leo: pointi. Ukikosa siku, pointi moja. Ukichelewa, nusu. Zikifika nane, unarudisha beji. Hakuna anayekuuliza ulikuwa wapi. Kwa kijana anayependa kulala ni mfumo mzuri tu, kwa sababu hahitaji kutunga uongo. Kwa mwenye mtoto wa selimundu, yaani sikoseli, ni balaa. Januari ya mwaka juzi mimi nilikuwa na sita na nusu.

Binti yangu ana miaka saba. Aliyewahi kuuguza sikoseli nyumbani hahitaji kuelezwa, na asiyewahi hata nikimweleza hatanielewa. Baridi ya Ohio ndiyo adui yake mkubwa. Akitoka kuoga bila kukaushwa vizuri, usiku miguu inaanza. Hapigi kelele, anakunja vidole vya miguu na kung'ata kona ya mto. Dawa ya hydroxyurea anakunywa kila siku, na imesaidia kweli, lakini maumivu bado yanakuja yanapotaka. Homa ndiyo haina mjadala kabisa: tuliambiwa ikifika nyuzi 38.5 twende emajensi saa hiyohiyo, iwe saa nane usiku, iwe theluji imefika magotini. Sasa mtu kama mimi nitamwambiaje bosi wiki ijayo nitakosa siku ipi?

Wapo watakaouliza, mama yake yuko wapi? Yupo. Anahudumia wazee majumbani kupitia kampuni ndogo yenye wafanyakazi ishirini na kitu. Hiyo idadi ina maana yake, nitaifikia.

Aliyenifumbua macho ni mama mmoja wa Bukavu, wa meza ya kufunga maboksi, ambaye amekaa pale ghalani miaka tisa. Tulikuwa chumba cha mapumziko, mimi nikiwa nimeshika karatasi ya onyo bado ina moto wa printa. Akaisoma bila kuombwa. "Baba, mutoto iko anagonjwa kila mara, na haujaombaka FMLA?" Nikamwambia hiyo si ya wanawake waliojifungua? Akacheka mpaka akaweka chini kikombe chake cha chai.

FMLA ni sheria ya Marekani nzima, iliyosainiwa na Rais Clinton mwaka 1993. Inakupa wiki 12 katika miezi 12 za kujiuguza mwenyewe, au kumuuguza mtoto, mke, mume au mzazi, panapokuwa na ugonjwa mzito. Hulipwi. Lakini kazi yako inakungoja na bima ya afya inaendelea. Hayo nilikuwa nimeyasikia juujuu. Nisichokijua ni kwamba hizo wiki si lazima uzichukue kwa mkupuo. Ugonjwa ukidai, unazikata vipande: leo siku nzima, wiki ijayo masaa matatu, mwezi unaofuata hakuna. Kwa anayefanya kazi masaa 40 kwa wiki, wiki 12 ni masaa 480, na unaondoa yale tu uliyokosa. Nikitoka saa nne usiku baada ya kufanya masaa manne ya shifti yangu ya masaa kumi, ninakatwa sita. Na kubwa kuliko yote: siku iliyo chini ya FMLA haiwezi kupewa pointi.

Masharti yapo. Uwe umemfanyia kazi mwajiri huyo miezi 12. Ndani ya miezi 12 iliyopita uwe umefanya kazi walau masaa 1,250, yaani kama masaa 24 kwa wiki. Ovataimu inahesabiwa, siku za likizo hazihesabiwi. Na mwajiri awe na wafanyakazi 50 au zaidi ndani ya maili 75 kutoka hapo ulipo. Hapo ndipo mke wangu alipoangukia nje. Mtoto ni wetu wote wawili, lakini mwenye haki ya kwenda naye hospitali ni mimi peke yangu.

Nikaenda HR, ofisi ya masuala ya wafanyakazi, siku ya pili. Dada aliyenipokea alikuwa mpole, akabofya kompyuta yake, akaniambia pole, una miezi minane tu. Nikaduwaa. Mimi nimeingia ghala lile Septemba, miezi kumi na sita kabla ya siku hiyo, namkumbuka hata aliyenifundisha skana siku ya kwanza. Baadaye ndipo nikaelewa: kompyuta yake ilikuwa inahesabu tangu Mei, siku niliyoajiriwa rasmi. Ile miezi minane ya mwanzo nilikuwa kwa wakala, wale wanaotupa beji ya rangi nyingine na kutulipa wao. Kwake yeye miezi hiyo haikuwepo.

Nilirudi nyumbani nimenyong'onyea. Mke wangu ndiye aliyesema piga simu serikalini, kwani wanauma? Wizara ya Kazi ina kitengo kinachoshughulikia mishahara na saa za kazi, na sheria hii iko chini yao. Nikapiga, nikaomba mkalimani wa Kiswahili, nikasikilizishwa muziki weee, kisha ikaja sauti ya kaka wa Kikenya. Kupitia kwake nikaelezwa kwamba wakala na ghala wanahesabika kama waajiri wa pamoja, kwa hiyo muda niliofanya kazi palepale kwa beji ya wakala ni muda wangu. Huwezi kuamini furaha niliyokuwa nayo, na kitu chenyewe ni miezi minane ya kubeba maboksi.

Stabu za mshahara, vile vikaratasi vya malipo, ninaziweka kwenye kopo la biskuti, tabia niliyorithi kwa marehemu baba aliyekuwa haamini ofisi yoyote. Nikazitoa zote za wakala, nikazipanga kwa tarehe, nikampelekea yule dada. Sikugomba. Nilimwambia tu kwamba nimeuliza, na nimeambiwa hizi zinahesabika, naomba uziangalie. Kabla ya wiki kuisha nilikuwa na barua kwamba nina sifa. Kisheria, tangu mwajiri ajue unahitaji likizo hii, ana siku tano za kazi kukujibu kama una sifa au huna.

Barua ilikuja na fomu ya daktari, WH-380-F. Ya mtu anayejiuguza mwenyewe ni WH-380-E, usizichanganye. Una siku 15 za kuirudisha, na ninaposema siku ni pamoja na Jumamosi na Jumapili. Kliniki walinitoza dola 25 za kujaza, gharama ambayo ni ya mfanyakazi.

Fomu ya kwanza ilikataliwa. Kuna sehemu inamuuliza daktari: hali hii itamlemaza mgonjwa mara ngapi kwa mwezi, na kila mara itachukua muda gani? Daktari wetu, mtu mwema sana, aliandika maneno mawili yenye maana ya "haitabiriki". Ni kweli kabisa, ndiyo sikoseli yenyewe. Lakini HR hawataki ukweli wa namna hiyo, wanataka namba. Wakanirudishia pamoja na barua inayosema nini kimepungua, na siku saba za kurekebisha. Nikakimbia kliniki, nikamsubiri nesi mlangoni. Safari hii nilikuwa nimeandika kwenye karatasi siku zote ambazo binti aliugua kwa mwaka mzima, nimezitoa kwenye karatasi za kuruhusiwa hospitali. Daktari akaziangalia, akaandika makadirio: mara 1 hadi 3 kwa mwezi, siku 1 hadi 4 kila mara, pamoja na miadi ya kliniki kila miezi mitatu. Makadirio tu, si kiapo. Ikapita.

Kama ningeanza upya leo, hicho ndicho ningefanya kwanza kabla hata ya kuomba fomu: kuandika tarehe. Daktari anakuona robo saa, hawezi kukumbuka kwamba Novemba uliamka usiku mara nne.

Kuhusu zile pointi za zamani, niliomba zifutwe. Sheria inamruhusu mwajiri kuzigeuza siku zilizopita kuwa FMLA, kwa kukujulisha. Zile za Novemba na Desemba nilikuwa tayari nimetimiza miezi 12, na karatasi za hospitali ninazo. Wakafuta tatu. Za Julai zikabaki, maana Julai nilikuwa bado sijatimiza mwaka. Nikabaki na tatu na nusu, nikalala usingizi.

Miezi miwili baadaye nikala pointi nyingine, na hii ni kosa langu mwenyewe. Usiku huo tulikuwa emajensi tangu saa kumi jioni, binti ana dripu, mke analia kimyakimya kwenye kona. Nikakumbuka shifti, nikapiga ile namba ya kuripoti, nikaiambia mashine: mtoto wangu ni mgonjwa, siji leo. Nikakata. Sasa, ukishakuwa na FMLA iliyokubaliwa, kusema "mgonjwa" hakutoshi. Ni lazima utaje kwamba unakosa kwa sababu ya FMLA, au utaje ule ugonjwa uliokubaliwa. Na upige kwa utaratibu uleule wa kazini wanaoufuata wengine, isipokuwa hali ikuzuie kweli. Mimi simu nilikuwa nayo mkononi, nilichokosa ni neno moja. Nililalamika, nikashindwa, ile pointi ilikaa kwangu mpaka ikaisha muda wake.

Tangu siku hiyo kuna karatasi kwenye friji, imebandikwa kwa sumaku ya embe: namba ya simu, namba yangu ya kazi, na sentensi moja ya Kiingereza niliyoandikiwa na mpwa wangu. Saa nane usiku naisoma kama mtoto wa chekechea. Nikimaliza naandika kwenye kaunta buku: tarehe, saa niliyopiga, masaa niliyokosa, yaliyobaki. Mara mbili hesabu ya HR ilitofautiana na yangu, na mara zote mbili kaunta buku ndilo lililoshinda.

Supavaiza wangu hakufurahi. Hakuwahi kusema neno baya, ila alikuwa na namna ya kuangalia saa yake. Siku moja aliniomba namba ya daktari "athibitishe tu". Nikamwambia hilo aulize HR. Bosi wako wa moja kwa moja haruhusiwi kumpigia daktari. HR ndio wanaweza, kuhakiki fomu au kufafanuliwa kilichoandikwa, basi. Sikumwambia haya yote. Nilimwelekeza HR na hakurudi tena na hiyo hoja.

Na mimi nina upande wangu. Kwa miadi inayojulikana, sheria inataka utoe taarifa siku 30 kabla inapowezekana, na ujitahidi kupanga isivuruge kazi. Mimi nafanya kazi Jumatano hadi Jumamosi, kwa hiyo niliomba kliniki watuhamishie Jumanne. Masaa ya FMLA niliyotumia kwa kliniki mwaka jana ni sifuri. Hata supavaiza alipoona hivyo, uso ulilainika kidogo.

Pesa ndipo panapouma. Mwajiri ana haki ya kukulazimisha utumie kwanza siku zako za likizo yenye malipo, sambamba na FMLA, na wangu alifanya hivyo. Siku nilizokuwa nimezidunduliza ili niende Tanga kwenye harusi ya mdogo wangu ziliishia kwenye kiti cha plastiki wodini. Harusi niliiona kwa WhatsApp, mtandao ukikatika kila bibi harusi akikaribia kuonyesha uso. Zilipokwisha siku hizo, Februari moja nilikosa shifti sita bila senti, na mchango wangu wa bima ulikuwa unadaiwa vilevile. Nikilinganisha na kwetu, nilipoondoka Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 ilikuwa inampa mfanyakazi siku 4 zenye malipo mtoto akiugua au akifariki. Nne ni chache, lakini zinalipwa. Huku nina wiki 12 na mfuko mtupu. Nimeacha kubishana na ndugu zangu wa nyumbani nani ana nafuu.

Februari hiyohiyo, kwa kuwa maumivu yalizidi makadirio ya daktari, HR waliomba fomu mpya. Wana haki, hali ikibadilika kiasi hicho. Na hata isipobadilika, kwa ugonjwa wa kudumu wanaweza kuomba kila miezi sita ukiwa umekosa siku. Siku hizi daktari ana nakala ya fomu ya zamani kwenye faili, tunabadilisha namba tu.

Jambo la mwisho ni la hesabu, nililichelewa kuelewa. Ghala letu halihesabu mwaka kuanzia Januari. Kila ninapokosa wanaangalia nyuma miezi 12 kutoka siku hiyo, kwa hiyo masaa hayarudi yote kwa pamoja, yanarudi siku kwa siku kadiri ya zamani yanavyotoka mlangoni. Jana kaunta buku lilikuwa linasoma masaa 212 yaliyobaki. Kesho yanarudi kumi, ya ule usiku wa theluji mwaka jana. Leo jioni binti amesema goti linamwasha, nimemwekea chupa ya maji ya moto, na karatasi ipo pale pale kwenye friji.