Nilivyopima risasi na kadimiamu kwenye mwatiko wa mabwawa, Pemba

Mwatiko, samaki anayefugwa kwenye mabwawa ya maji ya bahari, hula utelezi na mwani mdogo mdogo unaoota juu ya tope, na tope lenyewe humeza pamoja. Kwa hiyo nilipopima risasi na kadimiamu, metali mbili zenye sumu, kwa samaki wa mabwawa yaliyo pembezoni mwa mikoko, upande wa magharibi wa Pemba, nilichukua vitu vitatu kwa pamoja: maji ya hori (mkono wa bahari) yanayoingia bwawani, tope la chini na nyama. Nyama peke yake hukupa namba isiyo na asili.

Kazi huanza kwenye vyombo, siku tatu kabla ya safari. Chupa za plastiki na vifuniko vyake nililaza kwenye asidi ya nitriki ya asilimia 10 kwa saa 24 (asidi humiminwa ndani ya maji, kamwe si maji ndani ya asidi), nikasuuza mara tatu kwa maji yaliyoondolewa madini, nikazikausha zimefunikwa, kisha kila moja nikaitia ndani ya mifuko miwili ya plastiki. Glovu ziwe zile zisizo na unga, maana unga ule mara nyingi una zinki. Anayetafuta zebaki atumie chupa za kioo, kwa sababu zebaki hupenya plastiki za kawaida. Anayetafuta viuatilifu na mafuta, naye kioo, kilichooshwa kwa njia nyingine kabisa; vyombo vya kazi hizi mbili havichanganywi.

Maji nilichukua siku za bamvua, saa ya mwisho ya kupwa, wakati hori limebaki na maji yaliyoteremka kutoka nchi kavu. Bamvua kwetu bahari hupanda na kushuka hadi karibu mita 4, na ukichota maji yakiwa yamejaa unapima bahari kuu iliyoingia kutembea. Nilirudia maji yakijaa ili nipate tofauti. Nilitumia mtumbwi wa kasia bila mashine, nikikaa omo (mbele ya chombo), uso kwenye upepo, ili rangi ya chombo na moshi vibaki nyuma yangu. Chupa huzamishwa imefungwa mpaka maji yafike kiwikoni, hufunguliwa huko chini na kufungwa huko huko: utando wa juu wa maji hukusanya mafuta na vumbi na haufanani na maji yenyewe. Hakuna kuvuta sigara chomboni, moshi wake una kadimiamu. Na chubwi za risasi za wavuvi zitolewe kabisa, hata zikiwa ndani ya kapu.

Chupa moja kati ya kila kumi nilijaza maji safi ya maabara, nikaifungua pale pale horini, nikaifunga na kuirudisha pamoja na nyingine. Hiyo ndiyo sampuli tupu. Ikionyesha risasi, risasi hiyo ni yako wewe, si ya bahari.

Maji huchujwa siku hiyo hiyo kwa kichujio cha mikroni 0.45. Asidi kali haipandishwi boti ya abiria, kwa hiyo chupa zilivuka kwenda Unguja ndani ya barafu, na asidi nikaitia maabara, mililita 2 kwa lita. Baada ya hapo zikae angalau saa 16 kabla ya kusomwa. Metali iliyojishika kwenye ukuta wa chupa huhitaji muda huo kurudi majini. Ukisoma mapema unapata namba ndogo ya kufurahisha.

Tope: sentimita 2 za juu tu, kwa kijiko cha plastiki, kisha likachekechwa kwa chekecheo la nailoni la mikroni 63. Metali hushika chembe laini, si mchanga. Mchanga wa matumbawe hutoa povu jingi ukikutana na asidi na unaweza kumwaga nusu ya sampuli, basi asidi itiwe tone kwa tone. Halafu pima na alumini, ambayo huonyesha kiasi cha udongo wenyewe. Udongo mwekundu wa Pemba huteremka na mvua za masika ukiwa na metali zake za asili, na bila kugawanya kwa alumini utaita uchafuzi kitu ambacho ni mlima tu umeoshwa.

Sasa samaki. Nilichukua kumi kwa kila bwawa, wa ukubwa unaokaribiana, nikapima urefu na uzito wa kila mmoja. Wasafishwe nje kwa maji safi kabla ya kisu kugusa. Kisu kiwe cha kauri; cha chuma kisichopata kutu huacha kromi na nikeli. Nilikata mnofu wa mgongoni, juu ya mstari wa ubavu, bila ngozi, na utumbo sikuugusa mpaka mnofu wote umeshatoka. Utumbo ukipasuka umelipaka tope nyama yote, na samaki huyo huwekwa kando.

Mnofu nilikausha kwa nyuzi 60 mpaka mizani iliposimama, nikiandika uzito wa kabla na wa baada. (Zebaki pimia kwenye nyama mbichi, joto huipoteza.) Gramu 0.5 za unga mkavu, mililita 7 za asidi ya nitriki, zikalala usiku kucha bila moto, kwa sababu mwatiko ana mafuta na ukimpasha mara moja povu hutoka nje ya mrija. Asubuhi moto wa nyuzi 95, chini ya kabati la kufyonza moshi, mpaka moshi wa kahawia uishe. Ikapoa, peroksaidi ya hidrojeni mililita 1 kidogo kidogo, moto tena, kisha ikajazwa maji mpaka mililita 25. Katika kila mkupuo nilitia mirija miwili mitupu (asidi bila samaki), na mmoja wenye unga wa samaki ambao kiwango chake kimethibitishwa. Huo usiporudisha kati ya asilimia 80 na 120, mkupuo mzima hurudiwa.

Kwa viwango hivi mashine inayosoma metali kwa mwali wa moto haioni kitu; lazima ile ya tanuri la grafiti. Maji ya bahari ndiyo tabu zaidi, chumvi hufunika kila kitu, na lazima metali itenganishwe kwanza kwa kupitishwa kwenye resini ya kunasa. Ndiyo maana kwa maji mimi huwategemea zaidi chaza wa mizizi ya mikoko: ishirini wa ukubwa mmoja, wakae saa 24 kwenye maji safi ya bahari watoe uchafu wa tumboni, kisha wapimwe kama nyama. Zinki yao ikiwa juu usishtuke, ndivyo walivyo.

Hesabu ndiyo inayopoteza wengi. Chukua mfano: mashine imesoma risasi 0.012 mg kwa lita, mrija mtupu 0.004. Inabaki 0.008. Zidisha kwa lita 0.025, gawanya kwa kilo 0.0005, unapata 0.4 mg kwa kilo. Kikomo cha Codex (viwango vya kimataifa vya chakula) kwa risasi ndani ya samaki ni 0.3. Mtu atakimbilia kusema samaki hawaliki. Lakini 0.4 ile ni ya nyama kavu, na kikomo ni cha nyama mbichi. Kama mnofu ulikuwa na maji asilimia 78, zidisha kwa 0.22: inakuwa 0.088, chini kabisa ya kikomo. Kosa la pili lipo pia, la kutopunguza mrija mtupu, ambalo hapo lingekupa 0.132. Kwa hiyo kwenye karatasi ninayompa mwenye bwawa huandika neno "mbichi" kando ya kila namba, idadi ya samaki, namba ya chini na ya juu kabisa, na kama siku ile maji yalikuwa yanapwa au yanajaa.