Wapendanao Wawili Jukwaani

Nimemaliza kusoma riwaya ya vijana kuhusu wanamuziki wawili wa kantri wanaopendana, mvulana akiandamwa na pombe na msichana akiukimbia msiba wa nyumbani kwao, na kinachonisumbua ni haraka aliyokuwa nayo mwandishi ya kuwaponya. Wanaimba pamoja, wanabusiana, chupa inatupwa. Mambo yangekuwa mepesi hivyo, mwimbaji wa kantri George Jones angeiacha pombe mara tu alipomwoa mwimbaji mwenzake Tammy Wynette mwaka 1969, kwa maana ni nadra kusikia sauti mbili zilizopatana kama zao.

Ndoa hiyo ilivunjika mwaka 1975, na ulevi wa Jones ulikuwa miongoni mwa sababu. Mwaka uliofuata wakatoa "Golden Ring", wimbo unaoifuata pete moja kutoka duka la rehani hadi arusini na kuirudisha dukani, nao ukashika nafasi ya kwanza katika chati ya kantri ya Marekani. Watalaka wawili wanaimba talaka! Wimbo wa kupokezana humtaka kila mmoja aisikilize pumzi ya mwenzake, ajue atalivuta neno gani na ataliachia wapi, na ukaribu wa namna hiyo, uliozoeleka usiku baada ya usiku mbele ya umati, haukomi kwa kutia saini hati. Sisi wasikilizaji nasi hatuna huruma sana, kwa kuwa tukijua kwamba waimbaji wameumizana kweli, tunasikiliza kwa hamu zaidi. Basi kijana afanye nini anapogundua kwamba kidonda chake ndicho kinachomlipa? Riwaya hailigusi swali hilo kabisa.

Najua nitatajiwa Johnny Cash, naye mwimbaji wa kantri, aliyemposa mwimbaji mwenzake June Carter jukwaani nchini Kanada mwaka 1968, wakadumu hadi walipofariki wote wawili mwaka 2003. Walidumu, ndiyo, lakini uraibu wa vidonge ulimrudia Cash akiwa mume wa mtu, na mwaka 1983 alilazwa katika Kituo cha Betty Ford ili atibiwe uraibu.

Ningependa kusoma sura ambamo msichana anapanda jukwaani akijua kwamba mwenzake amelewa, na bado hana budi kuuanza ubeti wa kwanza kwa sababu watu wamekwisha kuketi. Mwandishi hakuiandika, ametupa arusi, tena ndefu mno.