Siku fundi alipopitisha kamera kwenye chimni

Nyumba ilikuwa Worcester, Massachusetts, imejengwa 1926, na baba watoto akaipenda kwa sababu ya ile meko ya kuotea moto pale sebuleni, yaani alisimama pale anaipapasa matofali akisema winta ikija tunakoka kuni hapa watoto wanazunguka. Mwaka ulikuwa 2021, nyumba zilikuwa zinagombaniwa, watu wananunua bila ukaguzi wowote, na dalali wetu akatuambia tukiomba mengi muuzaji atachukua mtu mwingine.

Tulilipia ukaguzi wa kawaida. Inspekta akaangalia paa, nyaya, boila ya kupasha nyumba joto, kwa chimni, ule mnara wa matofali wa kutolea moshi wa meko, akainama akamulika tochi basi. Kwa ripoti yake ndefu ndefu kulikuwa na mstari mmoja tu, kwamba ndani ya bomba la moshi hakuonekani, tafuteni mtaalamu. Baba watoto akaupita. Mimi ukanikaa kichwani, kwa sababu nimekulia Nyandarua na jirani yetu tulimzika na mtoto wake baada ya kulala na jiko la makaa ndani, Julai, madirisha yamefungwa juu ya baridi. Ile gesi ya sumu, kaboni monoksaidi, haina rangi haina harufu, mtu analala tu haamki. Na bomba bovu linaweza kuirudisha hiyo hiyo ndani ya nyumba.

Nikamwambia baba watoto, kabla hatujasaini, huyo mtaalamu aje. Akaguna lakini akakubali.

Fundi alikuja na kamera ndogo kwenye fimbo za kuunganisha, akanieleza kuna kiwango cha Marekani cha usalama wa chimni kinaitwa NFPA 211, ukaguzi una ngazi tatu, na nyumba ikibadilisha mwenyewe inatakiwa ngazi ya pili, kamera ipite bomba lote na yeye aingie darini na besimenti aone chimni inapopitia. Ya tatu ni ile ya kubomoa. Tukakaa sakafuni tunaangalia skrini. Mwanzo ni vigae vya udongo, masizi ya kawaida, halafu kikaanza kitu cheusi kinang'aa kama lami mpya. Kreosoti, akasema, kuni zikiwa mbichi moshi unapoa humo ndani unagandamana, na ikishafika kung'aa hivi brashi haiitoi, ikishika moto inawaka kwa joto kali sana. Akapandisha kamera kidogo na hapo ndio tukaona ufa, umetoka kigae kimoja ukaingia kingine, na kwenye maungio saruji imeisha kabisa, unaona tofali la nyuma. Akasema kwa maoni yake moto ulishawahi kuwaka ndani ya hili bomba na hakuna aliyejua.

Darini kulikuwa kubaya zaidi. Inatakiwa inchi 2 za nafasi kati ya chimni na mbao, na pale boriti ilikuwa imelalia matofali, upande huo imegeuka kahawia iliyoiva. Chini yake ndipo chumba tulichokuwa tumeshawagawia watoto. Baba watoto akashuka ngazi kimya, akaniambia, "Mama, bila hii kutengenezwa hatusaini."

Njia ya moshi wa boila ilikuwa sawa, nashukuru Mungu.

Dalali wa muuzaji akasema moto umewashwa hapo miaka yote na hakuna kilichotokea, na cheti cha zimamoto wanacho. Kweli walikuwa nacho, Massachusetts muuzaji lazima awe nacho, lakini kile ni cha vitambuzi vya moshi na kaboni monoksaidi, hakiangalii ndani ya bomba! Tukawatumia picha, ya ufa na ya boriti. Muuzaji alikuwa mzee, na naamini hata yeye hakujua, kwa sababu alipoziona hakubishana, alikubali kupunguza bei kwa hela ya kutengeneza.

Tuliweka bomba jipya la chuma kisichoshika kutu ndani ya lile la zamani, limezungushiwa blanketi la kuzuia joto kwa ajili ya ile boriti, na kofia juu mvua isiingie. Fundi akapitisha kamera tena kabla hatujawasha hata kijiti. Picha za kabla na za baada ziko faili moja na hati ya nyumba, na siku tukiuza anayenunua atapewa zote bila kuomba.