Gereji kwenye mteremko bila kuharibu nyumba ya mzee

Nyumba aliyotuachia baba mkwe iko kilimani hapa Kigoma mjini, ukikaa barazani unaona ziwa na jioni jua linazamia kwenye milima ya Kongo. Ni ya enzi za mkoloni, kuta za mawe na chokaa unene sentimita 45, baraza ina matao kama ya stesheni yetu, ile ambayo reli iliifikia mwaka 1914. Mi hii nyumba naipenda sana, ndo maana gari lililala barabarani miaka 2 nikiogopa kugusa kitu.

Fundi wa kwanza alitaka tukate udongo ubavuni mwa nyumba, karibu kabisa na msingi, tujaze kifusi mbele tupandishe banda la tofali na mabati ya msauzi. Mama mkwe akasema baba Asha, ukiziba baraza ya mzee wangu mimi narudi Kasulu. Nikamlipa fundi usumbufu wake, tukaachana.

Shemeji yangu ni fundi mawe, akaja na mpira wa maji, ule mweupe unaoona ndani, mi nikashika ncha moja kwenye ngazi ya baraza yeye akashuka nayo nyingine mpaka barabarani, tukasubiri maji yatulie akapima kwa futi kamba: mita 2.7 ndani ya urefu wa mita 14. Yaani karibu kila mita 5 unashuka mita 1, gari dogo linakwaruza tumbo na mvua ya Machi likikaa juu halishuki na likiwa chini halipandi. Akasema shemeji, hiyo mita 2.7 unayoilalamikia ndo urefu wa gereji yenyewe kwenda juu.

Basi tukaichimbia kilimani, usawa wa barabara, upana mita 3.6 na kina mita 6, juu slabu ya sentimita 15 inayolingana na uwanja wa nyumba. Ukiwa barazani huioni kabisa.

Tulipokosea ni ukuta wa nyuma, na hapa naomba mtu asirudie. Mvua zilikuwa zinakaribia tukaharakisha, tukajenga mawe tukarudishia udongo uleule mwekundu bila njia ya maji. Novemba ikanyesha siku tatu mfululizo, asubuhi naweka kiganja ukutani nakuta jasho, tukavuta kamba ukuta umetoa tumbo sentimita 4! Tukabomoa wote. Safari hii chini upana sentimita 60, juu 40, mgongoni tukapaka lami, tukajaza kokoto na chini yake bomba lenye matundu linalotoa maji pembeni kwenye mtaro. Matundu ya kutolea maji yanayopita ukutani tumeweka kwenye mbawa za nje tu, yaani kuta za pembeni zilizo nje ya gereji, mana ndani yangemwaga maji kwenye gari. Slabu nayo inashuka sentimita 2 kila mita, maji yakimbie upande wa mbali na nyumba.

Sura ya mbele ndo iliyonikalisha usiku. Nilitaka tao la nusu duara kama la baraza lakini mlango una upana wa mita 2.6, tao lingeanzia mita 1.2 tu kutoka chini na gari lingegonga vioo vya pembeni. Nikazunguka nyumba na tochi nikaona madirisha ya nyuma yana tao bapa, lisiloinuka sana, tukalichora kwenye plaiwudi tukalikuza likakaa vizuri. Mawe tukachapia kwa sementi 1, chokaa 1, mchanga 6, rangi ikakaribia ya kuta za zamani, sementi tupu ingetoka kijivu. Milango ni mininga, mbao za kusimama kama za madirisha, imekula hela kuliko slabu na sijutii.

Sasa hivi mama anaanika dagaa juu ya slabu. Kilichobaki ni mtaro upande wa juu kabla ya masika, kokoto zimeshashushwa.