Nilivyowafikisha watu 27 Bukoba kwa daftari na mayai ya kuchemsha

Mwezi Desemba mwaka 2022, ukoo wetu ulipokubaliana kwenda Bukoba kwenye harusi ya mtoto wa kaka yangu, niliteuliwa kuwa msimamizi wa safari, labda kwa sababu ni mimi peke yangu niliyeuliza ni nani atakayesimamia. Tulikodi basi dogo tukawa watu 27, kuanzia mtoto wa miaka 4 hadi shangazi yangu mwenye umri wa miaka 71 ambaye anaishi na kisukari.

Tulipanga kuondoka Nyegezi, jijini Mwanza, saa 11 alfajiri, lakini tuliondoka saa 12 kasoro dakika 10, kwa kuwa vijana wawili walilala na simu zao zikalala. Hilo halikunisumbua sana. Kilichonisumbua ni foleni tuliyoikuta Kigongo, ambako magari yalikuwa yamejipanga hadi mbali na kivuko cha kwenda Busisi, ng'ambo ya ziwa, kama ilivyokuwa kila msimu wa sikukuu. Nguzo za daraja zilikuwa tayari zimesimama majini kando yetu, nasi tukizitazama kwa hamu. Daraja lenyewe, lenye urefu wa takriban kilomita 3, lilifunguliwa Juni 2025, na siku hizi gari huvuka kwa dakika chache, jambo ambalo bado sijalizoea.

Utaratibu wa kivuko ulikuwa abiria kushuka na kupanda kwa miguu huku gari likipanda peke yake, na hapo ndipo nilipoteleza. Nilihesabu watu 27 Kigongo, lakini tulipofika Busisi nikahesabu 26, kisha 26 tena. Mama mmoja alikuwa amerudi kununua sato wa kukaanga, akaachwa. Tulimsubiri kwa zaidi ya saa moja, na alipotokea na mfuko wake wa samaki hakuna aliyemsalimia, ingawa sote tulikula wale samaki.

Palepale nilifungua daftari nikaandika kila kiti na majina ya watu wawili wanaokikalia, nikawaambia kwamba kuanzia hapo mimi simhesabu mtu, bali kila mmoja atamwulizia mwenzake wa kiti, na gari halitaondoka hadi kila kiti kiitike. Pia nilianza kutangaza mapema mahali tutakaposimama na kwa dakika ngapi. Kabla ya hapo watu walikuwa wakipaza sauti kila baada ya kilomita chache kwamba wanataka kuchimba dawa, dereva akisimama wanashuka watatu, na baada ya muda mfupi wanaomba wengine. Nilipotangaza kwamba tutasimama Geita kwa dakika 20 kwenye kituo cha mafuta chenye vyoo, ukimya uliofuata ulinishangaza mimi mwenyewe.

Tulipoipita Katoro, mnamo saa 7 mchana, mkanda wa feni ulikatika na injini ikaanza kuchemka. Utingo alikata matawi akayalaza barabarani nyuma ya gari, kisha akapanda bodaboda kurudi Katoro kutafuta mkanda mwingine. Aliporudi, mkanda ulikuwa mfupi, ikabidi aende tena. Muda wote huo jua lilikuwa kali na mahindi ya shamba la jirani hayakutosha kumfunika mtu kivuli.

Nilimwona shangazi akijifuta jasho jembamba la paji la uso, mikono ikimtetemeka. Nilikuwa nimeficha mayai 12 ya kuchemsha, mihogo na soda mbili chini ya kiti cha dereva, kwa sababu nilijua kwamba chakula kikionekana asubuhi hakifiki mchana.

“Shangazi, kunywa soda hii kwanza, halafu ule muhogo,” nilimwambia.

“Soda si ndiyo daktari aliyonikataza, mwanangu?”

“Alikukataza ya kila siku. Sasa sukari imeshuka.”

Alikunywa nusu chupa, na baada ya kama robo saa akaanza kuwalaumu vijana waliochelewa asubuhi, nikajua amepona. Soda ya pili niliigawa kwa watoto kwa kifuniko cha chupa ya maji, kifuniko kimoja kimoja.

Tuliondoka pale saa 9 na robo. Kuanzia Kyamyorwa hadi Muleba sina la kusimulia, kwani wengi walilala, na dereva nami tuliongea habari za mpira ili asisinzie. Karibu na Kemondo, giza lilikuwa limeingia, tukaona ziwani taa za wavuvi wa dagaa zimejipanga kama mtaa mwingine, watoto wakaamka wakidhani ndiyo Bukoba.

Tulifika saa 2 na nusu usiku. Viti vyote viliitika. Wenyeji walituandalia matoke na kutuletea maji ya kunawa, lakini shangazi, kabla hajanyoosha mikono, alinigeukia akaniuliza Jumapili tunaondoka saa ngapi na tutasimama wapi kwanza.