Kuotea Kulungu kwa Bunduki ya Gumegume

Tuliondoka Lancaster, nchini Marekani, saa saba usiku wa kuamkia tarehe 26 Desemba, mimi na mzee mwenyeji wangu, tukaufuata Mto Susquehanna kuelekea kaskazini, na kabla ya mapambazuko tukawa tumefika kwenye shamba la nduguye karibu na Wellsboro, ambako theluji ilikuwa ya kufika vifundoni. Siku hiyo ndiyo msimu wa bunduki za gumegume baada ya Krismasi hufunguliwa katika jimbo la Pennsylvania, msimu wa bunduki hizo ukiwa ulianza mwaka 1974, na mwindaji hutakiwa kukata leseni ya bunduki ya kushindilia mbali na ile ya kawaida.

Bunduki niliyoazimwa ilikuwa nakala ya zile ndefu ambazo mafundi wenye asili ya Kijerumani walizitengeneza huko huko Lancaster katika karne ya 18. Anayelijua gobore la kwetu ataielewa upesi: baruti humiminwa mdomoni mwa mtutu, kisha risasi ya mviringo iliyofungwa kitambaa chenye mafuta hushindiliwa kwa mdeki. Tofauti ni kwamba haina fataki. Jiwe la gumegume, lililobanwa pamoja na kipande cha ngozi lisiteleze, huparuza bamba la chuma, cheche zikaangukia kifa, yaani kisahani cha baruti laini ya kuwashia, na moto ukapenya tunduni hadi ndani. Kati ya kuvuta kilimi na mlio hupita kitambo kidogo, na katika kitambo hicho mkono ukitikisika, shabaha imepotea. Ndiyo maana mzee hakubali kupiga mnyama aliye mbali zaidi ya hatua 50, nami naona ana haki kabisa, kwa kuwa hakuna risasi ya pili ya kurekebisha kosa.

Kumsogelea kulungu wa huko, yule mwenye mkia mweupe chini, kwa umbali huo ni kazi ya kibanda cha kuotea. Chetu tulikijenga Novemba ili wanyama wakizoee: gogo lililoanguka ndilo ukuta wa mbele, matawi makavu ya msonobari yakaegemezwa ubavuni, na nyuma tukaacha michipukizi ya mti wa biichi, ambao majani yake makavu hubaki matawini majira yote ya baridi. Mwanzoni nilikuwa nimekiweka kileleni mwa kilima. Mzee alichuchumaa pale kulungu wangepita, akanionyesha jinsi kichwa changu kilivyochoreka mbinguni, tukakihamishia chini zaidi, mahali ambapo upepo wa magharibi ungetupiga usoni.

Asubuhi ile, saa mbili hivi, alikuja dume. Nikavuta, kifa kikawaka, mtutu ukanyamaza. Unyevu wa theluji ulikuwa umeingia tunduni kwa sababu nilisahau kuufunika mtambo kwa ngozi ya mafuta, na dume likatokomea. Nilisikitika sana. Mzee hakusema neno; alizibua tundu kwa sindano, akafuta kifa, akaniwekea baruti mpya.

Tulikaa mpaka saa tisa alasiri, miguu imekufa ganzi, ndipo jike mmoja aliposhuka polepole akichimbua mbegu za mwaloni kwa kwato. Alipofika hatua 30 nilisikia pumzi yake. Safari hii jiwe, moto na mlio vilifuatana, na moshi mweupe ukanifunika nisione kitu. Tulingoja nusu saa kama desturi inavyotaka, kisha tukaifuata damu juu ya theluji hadi chini ya msonobari, hatua 60 tu, ambapo alikuwa amelala.

Usiku tuliisafisha bunduki kwa maji ya moto, kwani masizi ya baruti huutia mtutu kutu haraka. Maji ya kwanza yalitoka meusi kama wino wa ngisi. Mzee alinirudishia birika, nikamimina tena, mpaka yakatoka meupe.